Labda Niliyoiruka

Kinyozini, nyuma ya soko,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. U hali gani huko? Shemeji je, na yule mwanao mnayemwita Kijiko? Mimi ni mzima kama chuma. Mtaa huu hakuna kinyozi wa kunigusa. Hata wenye vipara wanapanga foleni.

Mama ndiye si mzima. Tangu Jumatatu hata maji yanampalia. Daktari alinivuta pembeni akasema, "Labda atafika mwisho wa mwezi." Mimi huyu, niliyepika melini na kuzunguka bandari tano, nikarudi dukani nikanoa wembe uliokuwa mkali tayari.

Hilo neno labda likaniganda kichwani. Juzi nikimnyoa yule mwalimu mstaafu wa Kiarabu nikamuuliza, "Mwalimu, hii labda ilizaliwa wapi?"

Akacheka na povu kidevuni. "Kwa Waarabu. *La budda*, maana yake hakuna kukwepa. Hata hapana budi imetoka hapo hapo. Ilipofika kwetu ikalegea. We nyoa, usinikate."

Kaka, nina la kuungama. Macho ya Mama unayajua, barua zako namsomea mimi. Mwaka wa sita huu unaandika, "Labda nitakuja mwezi wa nane." Hiyo labda mimi huiruka. Namsomea, "Nitakuja mwezi wa nane," naye anatoa shuka zako kabatini, anazipiga pasi, anakutandikia kitanda. Mwezi wa tisa anazikunja. "Kazi imembana mwanangu," ananiambia mimi, mwongo wake. Nilijiona mjanja. Neno moja tu, nani atalikumbuka?

Jana alizitaka shuka mapema; mkono wake haukuweza kuinua pasi, akanituma mimi. Nimetandika ovyo, upande mmoja unaburuzika sakafuni. Kanitazama kwa yale macho ya ukungu: "Mikasi, huyo ni kaka yako, si mteja."

Mwezi wa nane ni mbali, kaka. Nakujua, utaisoma barua hii mara tatu, kisha utatafuta kalamu. Usiandike. Safari hii sina cha kuruka.

Nisalimie shemeji, mbusu Kijiko, na binamu fundi saa mwambie Mama, shangazi yake, anamtaja. Mungu akufungulie njia, ikiwa bado ipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na uongo wangu,
Mikasi.

Shuka zile za bluu. Bado zimetandikwa.