Kompyuta ya Papa na Flashi ya Kwaya

Kwa wakaaji wote wa nyumba hii: mimi, mtaalamu wa familia, nimeenda mjini na Papa kuchagua kompyuta iliyotumika ya kuwekea Linux, ule mfumo wa bure, maana ile yake imekufa. ~~Tutarudi saa sita.~~ Sijui tutarudi saa ngapi. Sijui hata nachagua nini.

Mama, bukari ya unga wa mahindi nimeifunika isipoe. Deborah, mvua ikija anua nguo.

Jana tuliona tatu za bei ndogo. Ya kwanza ina kibodi ya herufi za Kijerumani, ya pili Linux haioni wifi yake, ya tatu inaomba nywila ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Papa akauliza, "Basi, mashini gani iko muzuri?" Nikakohoa kama padri.

Deborah, mdogo wangu, ameamka, anasoma juu ya bega langu: "Yaya, andika na ya flashi, ao miye nitamuambia Mama!"

Haya. Mama, asubuhi uliponiuliza flashi yako ya kwaya iko wapi, nilijibu, "Muombe Mutakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea." Iko mfukoni mwangu. Niliiwekea Linux ili nijaribu zile kompyuta, na nyimbo zote za mazoezi ya leo zikafutika. Nawe umeenda kweli kumwashia mshumaa. Nisameheni, wewe na yeye.

Mtoto wako wa kwanza,
Merdi