Jina ambalo Papa Hakuulizwa

Kamembe, Ijumaa.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ziwa halionekani. Nimechoka, lakini nisipoandika leo nitaanza kujidanganya kuhusu yaliyotokea.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja huku Gihundwe. Kila mwaka nafundisha jinsi wazo la haki za binadamu lilivyokua: wafalme waliolazimishwa kupunguza madaraka yao, Wafaransa waliompindua wa kwao, watumwa waliojikomboa wenyewe, kisha lile Azimio la mwaka 1948. Nalifundisha vizuri somo hili, sina haja ya kujificha.

Na kwa miaka mitatu nilimnyima baba yangu kitu kimoja alichoniomba.

Papa anaitwa Athumani. Alikuwa fundi cherehani sokoni mpaka macho yalipomchoka. Msikitini na mtaani wote wanamwita Mzee Athumani. Lakini kwenye kitambulisho, kwenye hati ya shamba letu la Giheke, hata kwenye kadi ya bima, yeye ni Anastase. Enzi za Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na siku babu alipompeleka, mwalimu alisema bila jina la Kikristo hakuna nafasi. Akamwachia herufi A, zilizobaki akaziweka zake. Babu alikubali. Angefanya nini? Yeye mwenyewe alihitaji barua ya ruhusa ili alale nje ya mtaa wa Waswahili, walikotengwa Waislamu.

Papa aliponiomba mimi, binti yake, nimsaidie kurudisha jina lake, nilimwambia, "Papa, karatasi ni karatasi tu. Kila mtu anakujua." Nikamweleza kwamba hati ya shamba itabidi ibadilishwe, na kadi ya bima, na kila kitu. Yote yalikuwa kweli. Ila niliona pia kwamba ni usumbufu wa mzee, na nikawa nangoja asahau.

Naandika sentensi hiyo na naona aibu.

Jumanne alasiri nilikuwa naandaa somo sebuleni, nikijisomea kwa sauti. Papa alikuwa ameketi karibu, anasikiliza.

"Hiyo karatasi yenye inasema batu bote bako sawa," akauliza, "baliiandika mwaka gani?"

"1948, Papa."

"Njo mwaka nilizaliwa." Akaniinamia. "Na habari yake ilifika hapa Kamembe mwaka gani?"

Nikapiga hesabu. Siku alipoambiwa hakuna nafasi ya Athumani darasani, yeye alikuwa na miaka saba, na Azimio nalo lilikuwa na miaka saba. Nchi iliyotutawala ilikuwa imelikubali. Nimeutaja mwaka huo mbele ya wanafunzi mara ngapi bila kumkumbuka mtoto yule?

Basi leo asubuhi tulikwenda ofisi ya sekta, yaani ya kata yetu, kwa pikipiki mbili, chini ya mvua. Papa alivaa kanzu yake ya Ijumaa na koti juu yake. Afisa anayeandikisha vizazi na ndoa ni mwanamke kijana, mpole wa sauti. Alitueleza kwamba ombi litapelekwa juu, tangazo litatolewa ili mwenye pingamizi aseme, kisha tusubiri. Miezi, labda.

Papa ana ugonjwa wa moyo. Sikuthubutu kumtazama.

"Hapa banauliza sababu, Mzee," afisa akasema. "Niandike nini?"

Nilikuwa nimemwandalia jibu refu, lenye sheria ndani yake. Papa hakulingoja.

"Andika: sikuulizwa."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, binti yangu. Nilikuwa mutoto. Balinipatia jina, hakuna muntu aliniuliza. Mama yangu alilia njia yote mpaka nyumbani."

Habari ya machozi ya bibi sikuwahi kuisikia. Wala sikuwahi kuuliza.

Afisa aliandika taratibu. Papa akatia sahihi kwa jina lilelile analotaka kuliacha, maana kisheria bado hana lingine. Nilidhani itamuuma. Alisaini upesi, kama mtu anayefunga duka.

Kisha afisa akanigeukia. "Na weye, Mwalimu? Makaratasi yako yote yanasema baba yako ni Anastase."

Diploma yangu. Cheti cha ndoa. Vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Usumbufu uleule niliokuwa nikimtishia nao Papa.

Nikaomba fomu ya pili, ya kwangu.

Nimeijaza mchana huu wakati Papa yuko msikitini. Huenda wakakataa. Huenda wakakubali wakati yeye ameshaondoka duniani, na hilo litakuwa deni langu, si la Wabelgiji. Lakini kuanzia leo, nikiulizwa mimi ni binti wa nani, nitajibu Athumani, hata mbele ya karatasi inayosema vingine.