Nyasi za Nyuma ya Goli la Kaskazini

Noreen, shoga yangu, uko hapo? Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mashabiki na yule tajiri mpya wa klabu. Nakurekodia sauti, kuandika siwezi.

Katuambia atang'oa nyasi uwanja mzima, aweke za bandia. Tingatinga linaingia Jumatatu. Tingatinga, Noreen!

Na mume wangu Wilf yuko pale! Si ulinishikia mwavuli siku tuliyomwaga majivu ya mwili wake, baada ya kuchomwa, nyuma ya goli la kaskazini, upepo ukatupulizia viatuni? Nusu ya marehemu wa mji huu wako pale. Hivi mtu ananunua klabu bila hata kuuliza nani yuko ndani?

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, "Na Wilf je? Unampeleka wapi?"

Akapekua karatasi zake. Halafu, kwa adabu zote, "Samahani mama, huyo Wilf anacheza namba ngapi?"

Namba ngapi!

Ukumbi mzima ulicheka. Colin naye alicheka, Colin aliyebeba jeneza la Wilf! Nikajua sasa atasimama anitetee. Kweli akasimama. Akauliza mshambuliaji mpya anakuja lini.

Namba ngapi, Noreen.

Sasa nimekaa huku nyuma ya goli, peke yangu. Unajua kila baada ya mechi huwa nakuja kumpa matokeo. Leo nimemwambia tumepata tajiri mpya. Mengine yamenishinda.