Usitume Mota ya Cherehani

Takoma Park, Maryland

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako, magoti yametulia, na dawa ya presha unaimeza bila kusukumwa na Shangazi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza, shule naipenda, Baba na Mama wanakwenda kazini. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki nayaandika kwa hasira, na ninakuomba radhi mapema.

Cherehani yako imekufa. Ile uliyompa Mama siku tulipoondoka Tanga, ukasema mkwe wako haendi ugenini mikono mitupu. Mota ilitoa moshi Mama akiwa katikati ya kushona kanga, sebule nzima ikanuka mpira ulioungua. Baba akasema itatengenezwa. Mama akasema polepole, "Labda imechoka. Tuiache."

Nikamkasirikia Mama. Mimi niliyejifunza kusoma kwa zile herufi za dhahabu za ubavuni mwa cherehani, nikiwa mapajani kwako, niambiwe tuiache? Nikaenda maktaba, nikaazima kitabu cha ufundi, nikaifungua mota juu ya meza ya kulia.

Sijaimaliza, akaja Mama Warda kutoka Manassas. Binti yake anaolewa baada ya Idi na wanawake wote watavaa kanga sare. Hapa lazima nikueleze jambo ambalo Mama hatakueleza. Huko kwetu ukinunua kanga, fundi yupo palepale barazani, anakukatia na kukupindia. Huku hayupo. Kanga zinafika kwenye masanduku ya wasafiri zikiwa doti nzima, na kila mwanamke wa kwetu, wa Gaithersburg, wa Manassas, wa wapi sijui, anamletea Mama. Mama kutwa anawainua na kuwaogesha wazee wa watu, anapanda treni, anapanda basi, akifika nyumbani anakuta mifuko mlangoni. Na Baba ndiye anayeitikia kwenye simu: "Leteni tu, yupo!"

Mama Warda alibwaga mifuko yake miwili mikubwa juu ya kochi.

"Mwenzangu, ni pindo tu," akasema. "Pindo ni kazi gani?"

"Cherehani imeungua," Mama akamjibu.

"Ee! Basi anza kwa mkono, si una muda? Au ndiyo mshakuwa Wazungu, mnataka kutulipisha?" Akacheka. Akaniona na bisibisi yangu. "Huyu naye fundi! Fanya haraka, mwanangu, bibi harusi anangoja."

Bibi! Aanze kwa mkono! Mama alikuwa bado na sare ya kazini, hata viatu hajavua. Niliibwaga bisibisi mezani. Mama akasema, "Haya, iache hapo."

Mgeni alipoondoka, Mama alikuja akauweka mkono wake juu ya mota.

"Zuhura, usiitengeneze."

"Lakini ni ya Bibi."

"Najua ni ya Bibi. Ndiyo maana sijaitupa mwenyewe."

Akaenda kulala. Mchana, Bibi. Tangu tuje nchi hii sijawahi kumwona Mama amelala mchana, na tangu cherehani ife amelala mchana kila siku ya mapumziko.

Nilijaribu kusema na Baba. Nilimwambia Mama amechoka. Akaniambia, "Profesa, cherehani ya mama yangu haitupwi. Unataka watu waseme mke wangu kaitupa zawadi ya mkwewe?" Nikamwuliza, "Kwani Baba unashona wewe?" Alicheka mpaka akakohoa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba anacheka. Anampenda Mama, nalijua hilo, lakini akisifiwa na watu kwa ukarimu, anasahau mikono inayoufanya huo ukarimu ni ya nani. Mama naye hawezi kusema neno. Akisema, inaonekana anakukataa wewe.

Mwezi ukiandama Baba atakupigia kukutakia Ramadhani njema, na, kama alivyotuambia, atakuomba ununue mota mpya umpe binamu anayekuja huku. Barua hii nimempa jirani anayesafiri wiki hii, ikufikie kabla ya simu hiyo. Usitume mota. Naipenda cherehani ile, na ningeweza kuitengeneza mwenyewe, nimeshaona palipoungua. Sitaitengeneza. Mifuko ya Mama Warda bado ipo kwenye kochi na sisi tunakaa chini.

Wewe ndiye uliyeitoa. Wewe ukisema basi, Baba hana la kujibu na Mama hana lawama. Nisalimie Shangazi, na mwalimu wangu wa madrasa, na yule jirani anayekuletea maziwa asubuhi. Na Baba akikupigia, usimnong'oneze. Simu ya kadi ina kelele, kwa hiyo Baba huweka spika ili sote tusikie. Sema kwa sauti, Bibi. Sema imetosha, mkwe wako apumzike. Nitakuwa nimekaa karibu na Mama.

Mjukuu wako anayekuheshimu hata akiwa na hasira,

Zuhura