Digrii Sabini na Tano

Mtwara, 9 Agosti 1953

Kwa dada yangu mpenzi Somoe,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi hayanitoki. Natumaini shangazi unayemuuguza huko Lindi amepata nafuu, na wewe na watoto mnalala vizuri.

Bwana Rahemtulla, mpimaji wa barabara mpya, bado ananifundisha kazi. Hana mchezo na hesabu, yule. Juma lililopita mstari wetu ulifika kwetu Madimba, ukaenda moja kwa moja juu ya kaburi la mama. Kwenye ramani halimo. Sisi hatuandiki majina, yapo mawe mawili tu. Nilipomweleza alivua kofia, akaniambia nichague mwenyewe pa kuikunja barabara, nimletee hesabu.

Nikachagua kukata pembe ya digrii sabini na tano, tuende futi mia nne mpaka kwenye matope ya bondeni, ambako hakupitiki. Kujua tutasogea kando kiasi gani kunataka kipimo cha pembe kiitwacho sini, na kitabu cha majedwali kilibaki mjini. Nikaona si taabu: sabini na tano ni arobaini na tano na thelathini, basi nikajumlisha sini zao. Zikatoka futi mia nne themanini na tatu! Barabara inaliacha kaburi, inaivuka na mikorosho yako yote ya kando yake bila kugusa mti. Dada, niliimba.

Bwana Rahemtulla alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza mtu aliyetembea mia nne amesogeaje mia nne themanini na tatu, au amebebwa na shetani. Akanieleza kwamba sini ina mwenzake aitwaye kosini: sini ya pembe ya kwanza huzidishwa kwa kosini ya pili, na kosini ya kwanza kwa sini ya pili, ndipo vijumlishwe. Nikarudia hesabu nikiomba nikosee. Mia tatu themanini na sita.

Hapo ni katikati ya mikorosho yako, Somoe, ile uliyoipanda ulipoachwa na mume, inayowalisha wanao. Bwana aliuliza tufuate mstari upi, nikamwambia huo mpya. Barua isingewahi kukufikia, na nilijua ungejibu kwamba mama ameshakufa na wanao wako hai. Huenda ungesema kweli. Mimi sikuweza kuvumilia malori yampite juu. Miti imeanza kukatwa leo asubuhi.

Nisalimie shangazi, wabusu watoto. Ukirudi, nakusihi usipitie shambani kwanza. Njoo kwangu Chuno, unigombeze mimi.

Mdogo wako,
Shabani