Zipu ya Fundi Wesonga

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA DARASA LA USHONAJI, CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI, KARIOBANGI, JUMAMOSI 14 JUNI 2025, SAA NANE MCHANA, KIBANDANI KWA MWENYEKITI

Waliohudhuria: Bw. Mbaluka (Mwenyekiti), Fundi Wesonga (mwalimu wa darasa), Bi. Syombua, Lenah Ayuma (Katibu).
Hakuhudhuria: Bw. Kweyu, bila udhuru. Alionekana mtaa wa Lucky Summer akimpima mteja suruali.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Bi. Syombua alifungua kwa maombi. Mwenyekiti alikumbusha kwamba darasa la kwanza lilianza na wanafunzi kumi na wawili, wakamaliza watatu. Darasa la pili linaanza tarehe saba Julai. Nalo likiisha vivyo hivyo, kanisa linalotuazima chumba cha darasa litawapa wengine.

KUMB. NA. 2/6/2025: MASOMO YA MTANDAONI YA KUPANGA MAFUNZO
Mwenyekiti alieleza kwamba alituma kwenye kundi linki arobaini na moja za kumfunza mwalimu kupanga somo. Aliuliza nani alizifungua.

Fundi Wesonga alisema, "Mimi nilifungua moja. Ikakula bando yote, halafu ikaniuliza kama mimi ni meneja."

Bi. Syombua alisema alizifungua zote kwa wiki mbili, na nyingi ni za watu wa ofisi. Alibakisha tatu: ni za bure, zinafunguka kwa simu ndogo, na kila moja ina zoezi la kufanya kwa mkono. Somo lisilo na zoezi, alisema, ni maneno matupu.

Fundi Wesonga alipinga. Amefundisha miaka ishirini na sita kwa "tazama mkono wangu," na simu haijawahi kushona hata kifungo. Aliombwa apunguze sauti.

KUMB. NA. 3/6/2025: ZOEZI
Bi. Syombua alipendekeza zoezi la somo la kwanza kati ya yale matatu: anayejua aandike hatua, asiyejua azifuate bila kuongeza lake. Fundi Wesonga aliandika hatua nne za kutia zipu kwenye sketi. Katibu aliteuliwa kushona, kwa kuwa aliacha darasa la kwanza siku ya zipu.

Katibu alifuata hatua zote nne. Zipu ilinyooka vizuri, ila kishikio kilikuwa ndani ya sketi.

Mwenyekiti alicheka. Fundi Wesonga hakucheka. Aliigeuza sketi mara kadhaa, akasema hakuandika upande wa kuanzia kwa sababu mkono wake unaujua. Kisha alimuuliza Katibu, "Lenah, siku ile uliniuliza ni upande gani. Nilikujibu nini?"

Katibu alijibu, "Uliniambia nitazame mkono, fundi. Na mimi nilikuwa nyuma ya watu kumi na mmoja."

Fundi Wesonga aliagiza jibu hilo liandikwe. Limeandikwa. Katibu alifurahi sana, na hilo pia ameliandika.

KUMB. NA. 4/6/2025: MAAZIMIO
Fundi Wesonga atamaliza somo la kwanza kufikia Jumamosi ijayo, kwa simu ya Bi. Syombua, naye akiwa kando yake. Kila kipindi kitapangwa kuanzia kile mwanafunzi atakachoweza kushona mwishoni. Mwenyekiti hatatuma linki nyingine.

KUMB. NA. 5/6/2025: MENGINEYO
Fundi Wesonga aliomba majina ya wale tisa walioacha, ili awapigie simu mwenyewe. Katibu alimsomea manane. La tisa Fundi alilitaja yeye, akasema huyo atakaa mbele.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini, baada ya zipu kutiwa upya. Hatua sasa ni kumi na tatu, na kishikio kiko nje.

Sahihi: ........................ J. Mbaluka, Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Lenah Ayuma, Katibu na mwanafunzi