Elvi aingia sauna

Tuire, nimeumbuka. Nimeumbuka vibaya mno!!

Unamjua Elvi, ule mmea wangu wa sebuleni? Tangu Novemba hita zinamkausha, majani yanapukutika kila siku. Basi leo, zamu yangu ya sauna ya jengo ilipokaribia kwisha na joto limeshapoa, nikamkalisha benchi la chini apate mvuke kidogo.

Nimejifunga taulo tu, nambembeleza: "Vumilia mamii, Machi jua linarudi."

Mlango ukafunguka.

Rautakorpi!! Mwenyekiti wetu wa jengo! Si ndiye aliyebandika tangazo pale mlangoni, baada ya kisa cha mbwa wa ghorofa ya tatu, kwamba sauna ni ya binadamu tu?

Akaniangalia. Akamwangalia Elvi. BINADAMU TU, Tuire!

Nikasema, "Mzee, samahani, nimepitiliza muda, tunatoka sasa hivi." TUNATOKA! Mimi na nani?

Ndipo nikaona amekumbatia kitu kikubwa ndani ya taulo, na juu majani yanachungulia. Mlimau!!

Akafunga mlango polepole, akaninong'oneza: "Ukimwambia mtu, nakukana. Haya, wako anapenda benchi la juu au la chini?"